Jina kubwa kwenye bango si dhamana ya moteli nzuri

Wasafiri wengi wa safari ndefu huamini kwamba moteli yenye jina maarufu ni ya kuaminika popote ilipo. Sivyo. Nyingi humilikiwa na watu binafsi wanaolipia haki ya kutumia jina hilo, hivyo usafi na matengenezo hutegemea sana mwenye jengo. Soma maoni ya karibuni kuhusu tawi lenyewe, si kampuni.

Ukifika, omba kuona chumba kabla ya kulipa. Jaribu komeo la mlango. Kisha, hata uwe umechoka vipi, funua shuka upande wa kichwani ukague mishono ya godoro: vidoa vidogo vyeusi ni dalili ya kunguni, na hao husafiri ndani ya mabegi. Mizigo ibaki garini hadi umalize kukagua.