Kabla ya kuchanganya: bayodizeli ya nyumbani kutokana na mafuta ya chipsi

Mafuta ninayonunua kwa wakaanga chipsi wa hapa Tanga hunifikia katika madumu ya njano ya lita 20, na sijapata kukuta madumu mawili yaliyofanana. Moja huwa na mafuta ya rangi ya chai, yaliyokaangiwa siku mbili tu. Jingine huwa jeusi kama oili chafu. La tatu hunuka vibua, kwa sababu mwenye banda alikaanga samaki jioni. Wanaonitembelea hutaka kuona sehemu ya kuchanganya, ambayo ndiyo yenye kuvutia macho. Mimi huwakalisha kwanza mbele ya dumu, kwa kuwa bayodizeli nyingi za nyumbani, yaani mafuta ya injini ya dizeli yanayotokana na mafuta ya kupikia, huharibika kabla hata kemikali hazijafunguliwa.

Wengi huuliza kwa nini tusiyachuje tu mafuta hayo na kuyamimina kwenye tangi. Ni kweli kwamba injini ya dizeli huweza kuyachoma: katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini katika nyuzi 40 za Selisiasi mafuta ya kupikia huwa mazito karibu mara kumi kuliko dizeli ya kituoni, hivyo nozo, tundu za kupulizia mafuta ndani ya injini, hushindwa kuyapuliza yakawa ukungu. Hutoka kwa matone, huungua nusu, na masizi hugandamana kwenye ncha za nozo na kwenye ringi za pistoni. Mwaka 1937 Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipewa hataza ya njia ya kuyapunguza uzito mafuta ya mawese, zao lililokuwa likitoka kwa wingi katika koloni la Kongo, na mwaka uliofuata basi la abiria liliendeshwa kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain.

Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Chembe ya mafuta ni kama chanuo lenye meno matatu: mpini wake ni glisarini, na kila jino ni asidi ya mafuta. Methanoli, aina ya alkoholi, ikisaidiwa na kichocheo, yaani kemikali ya kuharakisha kazi, hung'oa meno moja moja na kujishika nayo. Meno yaliyong'olewa ndiyo bayodizeli, na mipini iliyobaki huzama chini. Kwa hesabu ya karatasi, lita moja ya mafuta ingetoshelezwa na mililita 130 hivi za methanoli. Sisi huweka 200, kwa sababu mmenyuko huu huenda na kurudi, na ziada hiyo ndiyo inayousukuma uende mbele. Chavanne alitumia ethanoli, alkoholi ileile iliyomo katika pombe, jambo ambalo huwafanya watu waniulize kama gongo haliwezi kufaa. Haliwezi, kwa kuwa lina maji mengi.

Maji na asidi ndio adui wawili wa kazi hii. Dumu langu la kwanza nililishughulikia kwa vipimo nilivyonakili kwa mtu aliyekuwa akitumia mafuta mapya ya dukani, na asubuhi nilikuta uji mzito wa kijivu usioweza hata kumiminika. Nilikuwa nimepika sabuni. Kichocheo chetu ni kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, na ikikuta mafuta yaliyochakaa huungana kwanza na asidi zilizokwisha kujitenga kwa moto wa kukaangia, ikabaki kidogo mno kwa kazi iliyokusudiwa.

Maji hujulikana kwa sikio. Pasha kijiko cha mafuta kwenye kikaangio kidogo: yakitatarika, yana maji. Mimi huyachuja kwa kitambaa, huyapasha polepole hadi nyuzi 110 mpaka mlio ukome, kisha huyaacha yapoe. Usiharakishe hapa, kwani maji yaliyojikusanya chini yakichemka kwa ghafla huyarusha mafuta nje ya chombo.

Asidi hupimwa kwa matone. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Katika kikombe kingine weka mililita 10 za alkoholi ya isopropili na mililita 1 kamili ya mafuta, uliyoivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tia kiashirio, yaani kitu kinachobadili rangi asidi inapoisha, kisha dondosha ule mchanganyiko wa kostiki kidogo kidogo huku ukitikisa, ukihesabu mililita, mpaka rangi igeuke na isirudi kwa nusu dakika. Maabara hutumia fenolftaleini, lakini bizari ya manjano iliyolowekwa katika alkoholi hufaa pia. Yeyote aliyepata kufua kanzu yenye doa la pilau la bizari anajua kilichomo humo: sabuni inapoligusa, doa la njano huwa jekundu. Ni kemia hiyohiyo, ila hapa tunaihesabu. Kila mililita iliyotumika ni gramu 1 ya kuongezwa juu ya gramu 5 za msingi kwa kila lita ya mafuta. Ikiwa ulitumia mililita 2.5, utapima gramu 7.5 kwa lita, kwa mizani ndogo kama ya sonara, na si kwa kijiko. Dumu linalopita mililita 5 mimi silishughulikii. Huwapa wapika sabuni.

Kostiki yenyewe nayo huchakaa. Hewa ya pwani ina unyevu, na kopo likiachwa wazi kwa saa chache chembe zake hushikana na kupoteza nguvu, kisha kipimo chako chote kikawa cha kubahatisha.

Sasa naomba usomaji wa taratibu. Methanoli ni sumu. Hupita kwenye ngozi na mapafu, na kiasi kidogo kikinywewa huweza kupofusha au kuua. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo mtu anaweza kuungua kabla ya kujua kwamba kuna moto. Nchini Tanzania kemikali za viwandani zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003, na utaratibu wa kuzinunua na kuzitunza uulize huko. Ninafanya kazi nje, nikiwa na glavu ndefu, miwani ya kufunika macho na ndoo ya maji karibu, mbali na jiko lolote. Kostiki hutiwa ndani ya methanoli kidogo kidogo, katika dumu la plastiki gumu lenye kifuniko, ambalo hupata joto lenyewe. Sufuria zetu za alumini zisiguse mchanganyiko huu kabisa: kostiki huila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka.

Mafuta yakiwa na nyuzi 55 huyaondoa motoni, huyapeleka kwenye pipa la kuchanganyia, na hapo tu ndipo huongeza methanoli yenye kostiki. Joto lisizidi hapo sana, kwani methanoli huchemka katika nyuzi 65. Baada ya saa moja na nusu ya kukoroga ndani ya chombo kilichofunikwa, huacha vitulie usiku kucha. Asubuhi glisarini huwa imelala chini, nyeusi kama asali ya nyuki wadogo, na juu yake bayodizeli ya rangi ya dhahabu. Hutoa glisarini, huosha bayodizeli kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne bila kutikisa kwa nguvu, kisha huikausha mpaka iwe angavu.

Kabla ya kuiamini, huchukua mililita 3 na kuzitia katika mililita 27 za methanoli. Kitu kikizama chini, hayo ni mafuta yasiyogeuka, na kazi irudiwe. Kipimo hiki hutaka nyuzi 20 hivi. Mchana wa Tanga una joto linaloweza kukuficha kosa, kwa hiyo huipoza chupa katika maji ya mtungi kwanza.

Mjomba wangu ana mashine ya kusaga huko Lushoto, naye ndiye aliyenifundisha sehemu ambayo sikuijua. Nilimpelekea lita 40 mwezi Julai, angavu kabisa nilipozipakia. Siku ya pili akanipigia simu: "Mwanangu, umeniletea samli?" Bayodizeli ya mawese, kama ile niliyompelekea, huanza kuganda kati ya nyuzi 13 na 16, na usiku wa Usambara hufika huko bila shida. Chujio lilikuwa limejaa nta nyeupe. Tangu hapo, kuanzia Juni hadi Agosti, huchanganya sehemu moja yangu kwa nne za dizeli ya kituoni, na mirija ya mpira ya injini yake tumeibadilisha, kwa sababu bayodizeli huilainisha ikaanza kuvuja. Chujio la akiba huning'inia kwenye msumari karibu na mashine, kwani mafuta haya husafisha pia uchafu wa zamani wa tangi na kuupeleka mbele.