Taarifa za tawi la msimbo kupitia n8n: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Tawi, yaani njia ya kando ya kuendeleza msimbo, lina tarehe ya kuzaliwa na jina la aliyelifungua. n8n, programu ya kupanga mitiririko ya kazi zinazojiendesha, ikiiuliza GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo, vyote vitakuja.

Ukweli: Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo ambao GitHub imejengwa juu yake, haitunzi habari hizo. Tawi ni kielekezi tu, na kwa kawaida ni faili dogo ndani ya .git/refs/heads lenye herufi na tarakimu 40 zinazotambulisha komiti moja, yaani hatua moja ya kazi iliyohifadhiwa. Ukiita anwani ya GitHub ya /repos/mmiliki/hazina/branches/tawi (hazina ni ghala la msimbo wa mradi mmoja), unapata jina la tawi, komiti yake ya mwisho pamoja na mwandishi na tarehe, na kama tawi linalindwa. Tarehe ile ni ya komiti. Mtu akifungua tawi leo asubuhi juu ya kazi ya miezi minane iliyopita, bila kuongeza chochote, utasoma tarehe ya wakati ule na jina la mwandishi wa wakati ule.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mtiririko uliopangwa kufuta matawi yaliyolala siku 90 ukifuta tawi ambalo mwenzetu alilifungua siku hiyo hiyo. Kazi haikupotea, kwa kuwa hakuwa amesukuma komiti mpya, ila alihangaika mchana kutwa akidhani amekosea yeye. Ukitaka kujua tawi lilifunguliwa lini na nani, weka n8n isikilize tukio la “create” kutoka GitHub na uliandike mahali pako wakati linapotokea. Lililopita kabla hujaanza kusikiliza hutalipata kwa njia hii.

Dhana: Orodha ikija, matawi yote yamekuja.

Ukweli: GitHub hutoa matawi 30 kwa ukurasa usipotaja idadi, na hata ukitaja per_page haitazidi 100. Hazina yenye matawi 140 inahitaji angalau kurasa mbili. Ubaya wake ni kwamba hakuna kosa linaloonyeshwa: nodi, yaani hatua moja ya mtiririko, inawaka kijani, orodha inaonekana kamili, na ripoti inakwenda kwa mkuu wa timu ikiwa na pengo. Ukurasa unaofuata umetajwa kwenye kichwa cha jibu kiitwacho Link. Nodi ya HTTP Request ina sehemu ya Pagination, iwashe.

Dhana: Jibu la 404 (“haikupatikana”) maana yake tawi halipo.

Ukweli: Huenda lipo. Kwa hazina za faragha, GitHub hujibu 404 pia pale tokeni yako, yaani ufunguo wa siri unaokutambulisha, inapokosa ruhusa, ili asiye na haki asijue hata kama hazina ipo. Kagua tokeni kwanza. Kisha kagua jina: tangu Oktoba 2020 hazina mpya za GitHub huanza na “main”, lakini nyingi za zamani zimebaki na “master”. Usikisie, soma default_branch kwenye taarifa za hazina.

Dhana: Tokeni yenye mamlaka yote hurahisisha kazi.

Ukweli: Kusoma matawi kunahitaji ruhusa ya kusoma Contents (yaliyomo kwenye hazina) tu. Weka tokeni kwenye Credentials za n8n, sehemu ya kutunzia siri. Ukiiandika ndani ya anwani au msimbo, itasafiri pamoja na mtiririko kila unapomtumia mtu faili lake la JSON.

Dhana: Kuuliza kila dakika hakuna gharama.

Ukweli: Bila tokeni una maombi 60 kwa saa, ukiwa na tokeni ya kawaida, 5,000. Matawi 100 yakiulizwa moja moja kila dakika ni maombi 6,000 kwa saa, umeshavuka. Afadhali usubiri tukio la “push”, linalotokea mtu akisukuma komiti, likujie lenyewe. Hapo angalia kitu kimoja: jina la tawi huja kama refs/heads/malipo/mpesa, na wengi hukata kwenye kila mkwaju na kuchukua kipande cha mwisho. Watabaki na “mpesa”, tawi ambalo halipo. Ondoa refs/heads/ ya mwanzo peke yake, ubakize chote kinachofuata.