Faharasa Hairithiwi

Nimeletewa tena lalamiko lile lile: ufunguo msingi (safuwima inayotambulisha kila safumlalo bila kujirudia) umewekwa kwenye jedwali mzazi, basi kitambulisho kimejirudiaje? Kimejirudia kwa sababu, katika urithi wa majedwali (INHERITS) wa mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, faharasa, yaani orodha ya kutafutia safumlalo upesi, ni ya jedwali moja tu, lile lililoundiwa. Jedwali mtoto hurithi safuwima, thamani chaguo-msingi na masharti ya CHECK (thamani itimize kigezo) na NOT NULL (isiachwe tupu); halirithi faharasa, ufunguo msingi, sharti la upekee wala ufunguo wa kigeni (unaodai thamani iwepo katika jedwali jingine).

Suala la kasi halinisumbui. Ukiliuliza jedwali mzazi `nyaraka`, injini hulipitia pamoja na watoto wake, `mikataba` na `ankara`, kila moja kwa faharasa yake; lisilo nayo husomwa lote. Amri ya EXPLAIN, inayoeleza jinsi hoja itakavyotekelezwa, itakuonyesha hayo, na dawa ni kumwundia kila mtoto faharasa yake.

Kinachonikera ni upekee. Hulindwa na faharasa, nayo faharasa haioni kilichomo katika jedwali jingine. Kwa hiyo hata ukimpa kila mtoto ufunguo wake msingi, utakuwa umezuia marudio ndani ya kila jedwali, si baina yao, na namba 7 itakaa katika `mikataba` na katika `ankara` bila kosa lolote kutolewa. Hadaa yenyewe iko hapa: ikiwa kitambulisho kilitangazwa kuwa `serial`, yaani namba inayojiongeza yenyewe, watoto hurithi thamani chaguo-msingi na wote huchota namba katika mfuatano mmoja, hivyo mambo huenda sawa kwa miezi kadhaa na msanidi huapa kwamba ufunguo unafanya kazi, mpaka siku mtu aingize data ya zamani yenye vitambulisho vyake. Mfuatano hugawa namba, haukatazi chochote.

Ufunguo wa kigeni unaoelekezwa kwa `nyaraka` una upofu huo huo: SELECT hukuonyesha safumlalo za watoto, ufunguo hukataa kuzirejelea.

Wapo wanaonijibu kwamba tangu toleo la 11, la mwaka 2018, faharasa ya mzazi hushuka kwa watoto. Hushuka katika jedwali lililogawanywa vipande kwa PARTITION BY, si katika INHERITS, na hata huko faharasa ya upekee lazima ibebe safuwima zote za kigezo cha mgawanyo.

Mimi huweka jedwali la pembeni la vitambulisho, ambalo triga (msimbo unaojiendesha data inapobadilika) hulijaza kila safumlalo inapoingia. Linafanya kazi, ila kila safumlalo sasa huandikwa mara mbili, na bado sijashawishika kwamba jedwali moja lenye safuwima ya aina lisingetosha tangu mwanzo.