Seli jirani zinazoisaidia saratani ya mdomo na koo

Wengi hudhani uvimbe wa saratani ya ulimi au koo ni seli za saratani tupu. Sivyo. Kinyama kilichokatwa kwa ajili ya vipimo kikitazamwa kwa hadubini, huonekana pia seli za mishipa ya damu, seli za kinga na, aghalabu kwa wingi, faibroblasti.

Faibroblasti ndizo mafundi wa mwili. Ukijing'ata shavu, hutengeneza nyuzi za kolajeni, kidonda kikafunga, kisha zikatulia. Penye saratani hazitulii. Seli za saratani hutoa kemikali, mojawapo TGF-beta, zinazozichochea zifanye kazi bila kukoma. Ndiyo maana mwaka 1986 mwanapatholojia wa Marekani, Harold Dvorak, alilinganisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona.

Madhara yake ni makubwa. Kolajeni hujazana na nyama ikawa ngumu. Dawa hupenya kwa shida, na seli za kinga hukwama pembezoni. Vimeng'enya vya faibroblasti hizohizo huyeyusha kuta za tishu, saratani ikapata njia ya kuelekea tezi za shingo. Hii ni sababu mojawapo ya dawa za kuamsha kinga, zilizoidhinishwa Marekani kwa saratani hii mwaka 2016, kutowasaidia wagonjwa wengi.

Kwa nini basi tusiziue faibroblasti zote? Mwaka 2014 watafiti walijaribu kwa panya wenye saratani ya kongosho, na ugonjwa ukazidi kuwa mkali. Baadhi ya faibroblasti huizuia saratani. Kwa hiyo watafiti wengi sasa wanatafuta namna ya kuzituliza zile zilizoharibika, na mimi naona hiyo ndiyo njia yenye matumaini zaidi.

Kwa watafunaji wa popoo na tambuu, habari hii inawahusu moja kwa moja. Popoo huchochea faibroblasti za mashavuni hata kabla saratani haijatokea: mdomo huwaka ukila pilipili, mashavu hukakamaa, na polepole kinywa hushindwa kufunguka vizuri. Hali hiyo inaweza kugeuka saratani. Tafadhali, ukiona dalili hizo acha popoo leo na umwone daktari wa meno; ukakamavu ukishajengeka, mara nyingi hauondoki hata ukiacha, na kinywa kitahitaji kuchunguzwa mara kwa mara.