Kutunga Gemu ya Mbinu za Vita kwa Mapenzi ya Fire Emblem: Dhana Potofu za Wanaoanza na Ukweli Wake

Shabiki wa Fire Emblem, mfululizo wa gemu za mbinu za vita ulioanza nchini Japani mwaka 1990 kwa kazi ya studio ya Intelligent Systems, mara nyingi hufikia hatua ya kutamani kutunga gemu yake mwenyewe, yenye miraba, zamu, vikosi vidogo na wahusika wenye majina na visa vyao. Tamaa hiyo ni njema, kwani anayejaribu kuujenga mchezo huanza kuziona kanuni ambazo mchezaji wa kawaida huzipita bila kuzitambua. Kinachowakwamisha wengi ni imani walizozibeba kabla ya kuanza, na zinastahili kuchambuliwa moja moja.

Dhana: Asiyejua kuandika programu hawezi kuanza

Shouzou Kaga, mbunifu wa Fire Emblem ya kwanza, alitoa gemu iitwayo Vestaria Saga mwaka 2016 akiwa ameijenga kwa SRPG Studio, programu ya Windows inayouzwa kwa yeyote na iliyokusudiwa kumwezesha mtu kutunga gemu za aina hii bila kuandika msimbo kutoka mwanzo. Kama mwasisi mwenyewe aliona chombo hicho kinamtosha, anayeanza hana sababu ya kukionea haya. Asiye na fedha za kukinunua anaweza kutumia Lex Talionis, programu huria ya bure iliyoandikwa kwa lugha ya Python, inayofuata kwa karibu kanuni za Fire Emblem za Game Boy Advance, kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu cha kampuni ya Nintendo. Anayetaka kubuni kanuni mpya kabisa atanufaika zaidi na injini (programu ya msingi ya kujengea gemu) ya Godot, ambayo nayo ni huria na ya bure, na ina toleo linalofanya kazi kwenye simu na tableti za Android, jambo la maana kwa kijana asiye na kompyuta. Hata hivyo, hakuna chombo kinachomwondolea mtunzi wajibu wa kufikiri kwa mpangilio: ni lazima aamue kitakachotokea endapo mhusika anayetakiwa kuzungumza katika sura ya tatu ameshauawa katika sura ya pili.

Dhana: Gemu yenye sura chache haina hadhi

Utangulizi wa Fire Emblem iliyotolewa mwaka 2003 unampa mchezaji mhusika mmoja, Lyn, dhidi ya majambazi wawili. Ramani hiyo ndogo inafundisha kusogea, kushambulia na kumaliza zamu, na ina mwanzo na mwisho wake. Anayeanza atengeneze ramani moja ya kiwango hicho inayoweza kuchezwa hadi ushindi au kushindwa, kabla ya kuandika historia ya falme saba.

Dhana: Kutumia kanuni za gemu nyingine ni wizi, ila ukitoa kazi yako bure huwezi kuguswa

Hapa pana makosa mawili yanayotembea pamoja, na yote mawili yana madhara. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, katika ibara ya 9, unaeleza kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wala hailindi mawazo, taratibu, namna za utendaji au dhana za hisabati zenyewe. Kwa hiyo zamu, miraba na utaratibu wa upanga kulishinda shoka, shoka kuushinda mkuki na mkuki kuushinda upanga ni mambo ambayo mtunzi mwingine anaweza kuyatumia. Michoro, muziki, maandishi, msimbo na wahusika ni mali ya waliovitengeneza, na jina la mfululizo hulindwa kama alama ya biashara.

Mfano ulio wazi ni wa Kaga huyohuyo. Baada ya kuacha kazi Intelligent Systems alitengeneza Tear Ring Saga, iliyochapishwa na kampuni ya Enterbrain mwaka 2001 kwa ajili ya PlayStation, na ambayo mwanzoni ilitangazwa kwa jina la Emblem Saga. Nintendo, mchapishaji wa Fire Emblem, na Intelligent Systems walifungua kesi nchini Japani. Dai la hakimiliki halikufaulu, lakini kwa msingi wa ushindani usio wa haki Enterbrain iliamriwa kulipa zaidi ya yeni milioni 76, na uamuzi huo ulibaki hivyo kesi ilipomalizika mwaka 2005. Hukumu ya Japani haizifungi mahakama za Dodoma wala Nairobi, lakini inaonyesha kwamba kufanana kwa kanuni na kuwafanya wateja waamini kuwa gemu mbili zina asili moja ni mambo tofauti.

Kuhusu kutoa bure, mwezi Agosti 2016 peke yake unatosha kuwa onyo. AM2R na Pokémon Uranium, gemu mbili za mashabiki zilizotumia ulimwengu na wahusika wa gemu za Nintendo, zilizochukua miaka mingi kutengenezwa na zilizotolewa bila malipo, ziliacha kusambazwa na watunzi wake baada ya Nintendo kuchukua hatua za kisheria. Inauma kuona kazi ya miaka ikizimika kwa sababu ya jina na wahusika ambao wangeweza kubadilishwa tangu siku ya kwanza. Nasisitiza hili kwa anayeanza: chukua kanuni unazozipenda, lakini ulimwengu, watu na jina viwe vyako.

Vivyo hivyo kwa picha: kupatikana kwenye intaneti si ruhusa ya kuitumia. Mkusanyiko wa picha za gemu uitwao Kenney hutolewa kwa leseni ya CC0 isiyodai hata kutajwa kwa mtunzi, ilhali kwenye tovuti ya OpenGameArt kila kazi ina leseni yake, na ni vyema kuiandika kando siku unayoipakua.

Dhana: Hadithi ndiyo gemu, namba zitajipanga zenyewe

Chukua kanuni za Fire Emblem za Game Boy Advance. Mshambuliaji mwenye nguvu 7 na silaha inayoongeza 5 kwenye kipigo anampiga adui mwenye ulinzi 4: kipigo ni 8. Akimzidi adui kasi kwa 4 au zaidi, hupiga mara mbili, jumla 16, na adui mwenye uhai 16 hufa. Mweke adui huyo msituni, ambako ulinzi huongezeka kwa 1: kila kipigo kinakuwa 7, jumla 14, naye anabaki na uhai wa 2 na anaweza kushambulia katika zamu yake. Nukta moja imeamua nani atakuwepo zamu inayofuata, na hadithi yote itakayosimuliwa baadaye inategemea jibu hilo. Ndiyo maana namba za mwanzo ziwe ndogo kiasi kwamba mchezaji anaweza kuzijumlisha kichwani.

Bahati nayo inahitaji kupimwa. Kuanzia toleo la mwaka 2002, gemu hizo za Game Boy Advance huchagua namba mbili za nasibu na kutumia wastani wake kuamua kama pigo limelenga. Matokeo yake, asilimia 90 inayoonyeshwa kwenye kioo ni takriban asilimia 98 kwa kweli, na asilimia 30 ni takriban 18. Mchezaji huhisi haki zaidi, kwa sababu mapigo aliyoyategemea hukosa mara chache. Lakini njia hii si sheria: Into the Breach ya mwaka 2018, inayochezwa kwenye ramani ya miraba 8 kwa 8, humwonyesha mchezaji mapema mashambulizi ambayo maadui wanakusudia kuyafanya, na uzito wote wa gemu ukahamia kwenye kupanga.

Dhana: Adui lazima awe na akili nyingi

Kwa ramani ya kwanza inatosha adui atafute anayeweza kumfikia, apige hesabu ya kipigo kwa kila mmoja, kisha amshambulie atakayemuumiza zaidi. Tabia inayotabirika humsaidia mchezaji kuweka mtego, na kuweka mtego ndiko kunakompa furaha. Kinachohitaji jicho kali zaidi ni majaribio: mpe rafiki ramani hiyo bila kumweleza lolote, kaa kimya, na uandike kila mahali aliposita, kwa kuwa hapo ndipo maelezo, picha au namba zinapohitaji kurekebishwa kabla ya kuchora ramani ya pili.