Injini Zinapogeuka Usukani

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya shirika la United Airlines, safari namba 232, iliondoka Denver kwenda Chicago ikiwa na watu 296. Ilipokuwa juu ya jimbo la Iowa, feni ya injini ya mkiani ilipasuka. Vipande vya chuma vilichana mkia na kukata mabomba ya haidroliki.

Ndege kubwa haiongozwi kwa nguvu za mikono ya rubani. Rubani anapovuta usukani, mafuta yenye shinikizo kubwa hupita kwenye mabomba na kusukuma vibao vinavyosogea kwenye mabawa na mkia. Vibao hivyo ndivyo vinavyoinua pua ya ndege au kuigeuza. DC-10 ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki, kila mmoja ukijitegemea, ili mmoja ukifa mingine ibaki. Lakini mabomba ya mifumo yote mitatu yalipita jirani na injini hiyo ya mkiani, na yote yakamwaga mafuta. Usukani ulibaki mikononi mwa Kapteni Al Haynes bila kuunganika na chochote.

Injini mbili za mabawani zilikuwa bado zinafanya kazi. Denny Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa akisafiri kama abiria, aliitwa mbele akashika mikono ya kuongezea na kupunguzia nguvu za injini. Kwa takriban dakika 44 waliiongoza ndege kwa injini hizo mbili tu hadi Sioux City. Muda mfupi kabla ya kugusa ardhi bawa la kulia liliinama, ndege ikapiga chini na kuvunjika. Watu 112 walikufa, 184 wakanusurika. Miaka minne kabla yake, Boeing 747 ya Japan Airlines iliyopoteza haidroliki zake zote iligonga mlima, na kati ya watu 524 waliokuwamo walipona wanne tu.

Injini inawezaje kuigeuza ndege? Fikiria mtumbwi wenye wapiga kasia wawili, mmoja kila upande: wa kushoto akizidisha nguvu, mtumbwi unakwenda kulia. Ndege hufanya hivyo hivyo, na ikishaanza kugeuka, umbo la mabawa yake huifanya ilale upande huo na kukata kona. Kuinua pua ni rahisi zaidi kueleza. Injini zilizoning'inia chini ya mabawa zikiongezewa nguvu, husukuma kutoka chini na pua hupanda.

Tatizo ni muda. Injini ya jeti ikiwa na nguvu ndogo huhitaji sekunde kadhaa kufikia nguvu kubwa. Isitoshe, ndege iliyopoteza vibao vyake ina tabia ya kupanda, kupungua kasi, kuinamisha pua, kushuka, kuongeza kasi na kupanda tena, na mzunguko mmoja huchukua kama dakika moja. Ili kuutuliza, lazima uongeze au upunguze nguvu kabla jicho halijaona haja ya kufanya hivyo. Wachunguzi wa ajali ya Sioux City waliwapa marubani wengine jaribio hilo kwenye kifaa cha kuigiza urukaji, wakahitimisha kwamba si jambo ambalo rubani anaweza kufundishwa akalimudu.

Hapo ndipo Bill Burcham, mhandisi wa injini katika kituo cha NASA cha Dryden, California, alipouliza swali ninaloliona kuwa la thamani kubwa katika taaluma yetu: ikiwa binadamu anachelewa, kwa nini kompyuta isishike kazi hiyo? Injini za kisasa tayari zinaendeshwa na kompyuta, na ndege tayari ina vipimo vya mwelekeo, kasi na mwinamo. Kilichokosekana ni programu ya kuviunganisha.

Timu yake ilianza na F-15, ndege ya kivita ambayo injini zake mbili zimekaribiana sana, kiasi kwamba tofauti ya nguvu kati yake huigeuza ndege kidogo tu. Hata hivyo, tarehe 21 Aprili 1993 rubani Gordon Fullerton, aliyewahi kuwa mwanaanga, aliitua kwa msaada wa kompyuta hiyo, nguvu za injini zikiwa ndizo usukani pekee. Tarehe 29 Agosti 1995 akafanya hivyo kwa MD-11, ndege ya abiria iliyorithi umbo la DC-10. Hapakuongezwa mtambo mpya, ilibadilishwa programu tu. Rubani alizungusha vitufe vilevile vya kujiendesha ambavyo hutumia kila siku, na kompyuta ikapanga kila injini itoe nguvu kiasi gani.

Mfumo huu hauponyi kila kitu. Bila haidroliki ndege hutua kwa kasi kubwa kuliko kawaida, na injini zikizimika zote hakuna cha kuongozea.

Mashirika ya ndege hayakuuweka mfumo huo kwenye ndege zao. Watengenezaji walichagua kuzuia tatizo lisitokee: DC-10 ziliongezewa vali ya kuzuia mafuta yasimwagike yote, na Boeing 787, ambazo Kenya Airways na Air Tanzania wanazo, huendesha baadhi ya vibao kwa umeme. Ni hatua njema, lakini naamini programu hiyo nayo ingestahili kuwamo. Novemba 2003 kombora lilipiga bawa la Airbus A300 ya mizigo ya DHL juu ya Baghdad na kumaliza haidroliki zote. Wafanyakazi watatu waliitua salama kwa injini tu, bila kompyuta ya kuwasaidia. Kombora halikujali mabomba yamepangwaje.

Utafiti sasa unaelekea kwenye mota za umeme. Mota hubadilisha mzunguko wake haraka mno kuliko injini ya jeti, ndiyo maana droni ya panga nne tunayoiona ikipiga picha harusini haina kibao chochote cha kuigeuza: inapanda, inalala na kugeuka kwa kubadili kasi ya mota tu. Wahandisi wanaosanifu ndege za abiria zenye mota nyingi mabawani wanapima ni kwa kiasi gani mota hizo zinaweza kusaidia kazi ya mkia, ili nguvu za kusukuma na za kuongoza zipangwe na kompyuta moja tangu mchoro wa kwanza.