Mwenyeji, mgeni na pombe: alkoholi inavyoathiri siklodekstrini

Siklodekstrini ni sukari iliyojifunga pete. Chukua wanga, hata huu wa muhogo wetu wa Teso na Lango, Uganda, utie kimeng'enya kinachokata mnyororo wake na kuunga ncha mbili za kipande kilichokatwa. Utapata pete za glukosi: sita kwa aina ya alfa, saba kwa beta, nane kwa gama. Mfaransa Antoine Villiers alizieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1891. Umbo lake ni kikombe kisicho na kitako. Nje kinapenda maji, ndani hakiyapendi. Tundu la beta lina upana wa nanomita 0.6 hivi.

Molekuli ya harufu, ya mafuta au ya dawa isiyoyeyuka vizuri majini hujisitiri humo. Kikombe ndicho mwenyeji, aliyeingia ndiye mgeni. Hawakufungwa kwa kifungo cha kikemia kama kile kinachounga glukosi na glukosi. Kinachomweka mgeni ndani, kwa sehemu kubwa, ni kwamba nje kuna maji, na maji hayamtaki. Shika hilo, maana alkoholi inaanzia hapo.

Mwalimu wa kemia wa sekondari ana fenolftaleini kabatini, ile dawa ya kubadili rangi inayotumika kupima asidi na besi. Itie kidogo kwenye maji ya magadi, yatageuka rangi ya waridi iliyokolea. Ongeza beta-siklodekstrini: waridi linafifia mpaka maji yanakaribia kuwa maangavu, kwa sababu fenolftaleini imeingia kikombeni na kubanwa katika umbo lisilo na rangi. Sasa dondosha ethanoli, yaani alkoholi ya kwenye pombe, kidogo kidogo, ukikoroga. Waridi linaanza kurudi. Nalipenda sana jaribio hili: tukio la ndani ya tundu lisiloonekana hata kwa darubini ya darasani, hapa unalitazama kwa macho yako.

Ethanoli imefanya mambo mawili. Kwanza, yenyewe inaingia tunduni. Inashika kwa udhaifu, lakini kwa wingi wake inawania nafasi na mgeni. Pili, imebadilisha hali ya nje: maji yaliyochanganyika na pombe hayamkatai tena mgeni kama zamani, basi naye hana sababu ya kung'ang'ania ndani. Kwenye kileo kikali kama waragi, wageni wengi hulegea.

Alkoholi nazo hazilingani. Metanoli inashika kwa udhaifu zaidi. Kadiri mkia wa kaboni unavyorefuka, kupitia butanoli hadi heksanoli, ndivyo inavyoshika vizuri, na kiasi kidogo kinatosha kumtoa mgeni. Tundu jembamba la alfa hupenda mkia ulionyooka, ilhali beta huikaribisha hata butanoli yenye matawi, iliyo nene na fupi.

Lakini mara nyingine alkoholi humkaza mgeni badala ya kumfukuza. Pirini, molekuli pana ya pete nne za kaboni, haikai sawasawa ndani ya beta, inaacha upenyo. Alkoholi ya kufaa ikiingia kwenye upenyo huo inafanya kazi ya kabari kwenye mpini wa jembe uliolegea: watatu wanashikana kuliko walivyokuwa wawili.

Hata hivyo, kwa kawaida ethanoli humlegeza mgeni. Ndiyo maana katika maabara mgeni mgumu kuyeyuka huyeyushwa kwanza kwa ethanoli kidogo, akatiwa kwenye maji ya siklodekstrini, kisha ethanoli ikavukizwa. Ikibaki nyingi, kikombe hakimshiki.